MASOMO YA INTANETI NI KAZI, SI STAREHE

Ndugu wanachama,

Wako waajiri wasemao kwamba muuguzi asomaye kwa intaneti hahitaji ruhusa, kwa kuwa hatoki kituoni. Neno hili si la haki, na yafaa tulijibu.

Masomo yenyewe hatuyakatai. Zamani muuguzi mwenye cheti akitaka diploma ilimbidi aache kazi na watoto akakae chuoni, na nafasi zilikuwa chache mno. Mwaka 2005 AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa kompyuta, ili maelfu ya wauguzi wenye cheti wapande daraja huku wakiendelea na kazi. Hilo lilikuwa jambo jema.

Tena ubora wa njia hii ni kusoma pamoja. Mwalimu hutoa kisa, mathalani mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua. Muuguzi wa Lodwar ataeleza afanyavyo akiwa mbali na hospitali kubwa, wa Mombasa ataeleza yake, na wa Kakamega atawasahihisha wote wawili. Kila mmoja hupata asichokipata kitabuni.

Lakini saa za masomo hayo ni za nani? Mimi nilisoma hivyo nikiwa kazini katika hospitali moja. Kikundi chetu kilikutana saa tatu za usiku, nami nilikuwa zamu. Mgonjwa akiita, naweka simu mfukoni. Nikirudi, wenzangu wamekwisha kata shauri. Nilimwomba mkubwa wangu anibadilishie zamu usiku mmoja tu kwa juma. Akajibu kwamba masomo ni shauri langu mwenyewe. Bando nilinunua kwa mshahara wangu, na sehemu yangu ya kazi ikafanywa na wengine, hata wakaniona mvivu.

Elimu hii humfaa mgonjwa na mwajiri pia. Kwa nini basi mzigo wote uwe juu ya muuguzi? Twataka haya:

1. Saa za masomo ya kikundi ziandikwe katika orodha ya zamu.
2. Hospitali itoe kompyuta na intaneti.
3. Afuzuye apandishwe daraja na mshahara bila kuzungushwa.

Tangu 2013 wengi wetu huajiriwa na serikali za kaunti. Basi madai haya yaingizwe katika mapatano yetu nazo.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusimwandikie mwenzetu kazi yake, maana wodini atakuwa peke yake. Picha wala jina la mgonjwa lisipelekwe kikundini. Na tukumbuke kwamba kutafuta mshipa na kupokea mtoto hujifunzwa kwa mikono, mbele ya mkubwa wa kazi, wala si kwenye kioo cha simu.

Kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao na kupeleka maoni kwa Katibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenu katika umoja,
Muuguzi wa Zamu ya Usiku