Suti ya Ubatizo ni Zawadi ya Kamera

Wasee, tuambiane ukweli. Kijana wa miezi minne anabatizwa Jumapili, na nyinyi mmemnunulia suti ya vipande vitatu na tai. Ya nini? Akifika miezi saba haimtoshi. Mamake naye anarudi kwa nyumba kuhesabu pampers zimebaki ngapi.

Changeni pesa. Mbuzi jike hubeba mimba miezi mitano tu. Kabla kijana aanze chekechea, ana mifugo yake kwa shosho. Hamna shamba? Mfungulieni akaunti ya mtoto kwenye sacco, mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa.

Na msiniambie eti zawadi ni moyo. Moyo haulipi karo. Msimamizi huahidi mbele ya altare kusaidia kumlea mtoto. Kumpamba hakuahidi.