Bibi Harusi, Usivue Raba Baada ya Ndoa



Kila msimu wa harusi tunawaona mabinti wakikimbia asubuhi barabara ya Capri Point, pembeni mwa ziwa, ili gauni liwakae vizuri. Harusi ikipita, raba zinatupwa uvunguni. Ukimuuliza mmoja wao baada ya miaka mitano, atakujibu: "Mimi sasa mtu mzima, mbio waachieni wasichana." Sisi hatukubaliani naye.

Umri unapunguza mbio, hilo halina ubishi. Ukishavuka miaka 35 hivi, moyo haupigi tena kwa kasi ileile ya ujanani, misuli inapungua, na mwili unatumia oksijeni kidogo zaidi. Hedhi ikikoma, mifupa na misuli yetu hudhoofika upesi zaidi. Lakini asiyefanya mazoezi hupoteza karibu asilimia 10 ya uwezo wa kutumia oksijeni kila miaka 10, na anayeendelea kujifua anaweza kupoteza nusu ya hiyo tu. Kwa hiyo kinachotuzeesha haraka ni kuacha, kuliko miaka yenyewe.

Mtazameni Edna Kiplagat, jirani yetu wa Kenya, mama wa watoto na bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Aprili 2012 kule London, akiwa na miaka 32, alikimbia kwa saa 2:19:50, muda wake bora kabisa. Aprili 2024 kule Boston, kwenye njia yenye vilima, akiwa na miaka 44, alimaliza wa tatu kwa saa 2:23:21. Miaka 12 imemchukulia dakika tatu na nusu tu!

Nasi Waislamu tunayo hadithi aliyoipokea Abu Daud. Mama Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena na Mtume akashinda, akamwambia kuwa ushindi huo unalipa ule wa kwanza. Mwili ulibadilika, lakini mume na mke waliendelea kukimbia pamoja.

Tunajua vikwazo: mimba, kunyonyesha, biashara ya dagaa Mwaloni, na maneno ya watu. Ukijifungua, pumzika mpaka mhudumu wa afya akuruhusu, kisha anza kwa kutembea. Vaa hijabu nyepesi na nguo pana ya kusitiri. Tafuta wenzako wawili watatu, mtoke baada ya swala ya alfajiri kukipambazuka. Usijipime na binti wa miaka 20. Jipime na wewe wa mwaka jana.

Makungwi wetu humfundisha mwali mengi ya ndoa. Tunawaomba waongeze na hili: mwili ni amana, na amana haitunzwi kwa ajili ya siku moja ya picha.

Allah atujaalie afya njema. Amin.