LINETI KWANZA, LAZERI KISHA



Tangu mwanzo wa trimestre hii neno moja linazunguka katika internat: lazeri. Inasemwa kwamba katika miji mikubwa sawa Nairobi na Johannesburg, munganga anapitisha mwanga juu ya jicho kwa dakika chache tu, na mtu anaacha lineti yake. Neno hili si uongo. Lakini tumesikia pia wenzetu wamoja wakisema: « Miye sitavaa lineti, nitangojea lazeri. » Hapo sisi makapita wa madarasa hatuwezi kunyamaza. Mwenye kungoja namna hiyo atamaliza masomo yake bila kusoma ubao vizuri.

Kwanza tujue kazi ya lazeri. Mbele ya jicho kuna ngozi safi sawa kioo, inaitwa kornea. Mwanga unapita pale, nao unapashwa kukutana nyuma kabisa, kwenye retina. Kama jicho ni refu kupita kipimo, mwanga unakutana mbele ya retina, na vitu vya mbali vinaonekana sawa viko ndani ya ukungu. Hii ndiyo myopia. Lazeri inachonga kornea kidogo sana, ili mwanga ufike mahali pake. Mwaka 1981, kule Marekani, Rangaswamy Srinivasan na wenzake wawili wa kampuni IBM walijaribu mwanga huo juu ya nyama ya bata mzinga iliyobaki kwenye sikukuu. Wakaona unakata safi bila kuunguza. Waganga wa macho wakaendelea na kazi ile, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikaikubali kwa kurekebisha macho ya watu.

Basi kazi ni nzuri. Lakini haipokei kila mtu. Waganga wanataka mtu awe na miaka 18 ao zaidi, na kipimo cha lineti yake kiwe kimesimama kwa mwaka moja ao kupita. Wengi wetu hatujafika pale: tungali tunakomaa, na macho yetu yanageuka pamoja na sisi. Mwenye kornea dhaifu anakataliwa. Wengine kisha kazi wanabaki na macho makavu, ao usiku wanaona duara za mwanga kuzunguka taa. Tena jicho lililo refu linabaki refu ndani. Hatari ya retina kuchanika haitoki.

Na zaidi, lazeri hiyo haitibu ugonjwa wenye kuleta upofu. Katika nchi yetu tunajua vizuri upofu wa mito. Mwaka 1932 munganga Mbelgiji Jean Hissette aliandika juu ya vipofu aliowakuta kando ya mto Sankuru. Wanaoleta ugonjwa huo ni nzi wadogo weusi wenye kuuma, wanaozaa katika maji yenye kwenda mbio. Dawa yake ni ivermektini, ambayo kampuni Merck inaitoa bure tangu mwaka 1987. Inaua watoto wa minyoo ndani ya mwili, lakini jicho lililokwisha kupofuka hairudishi. Njo maana, wakati wa likizo, wagawaji wakipita kijijini na fimbo yao ya kupima urefu, mtu asijifiche.

Sasa turudi darasani. Kuna mwanafunzi anayekaza macho kila saa. Kuna anayesogeza kaye mpaka karibu na pua. Kuna anayeumwa kichwa kila magaribi. Na kuna yule anayenakili kwa jirani yake kwa sababu haoni ubao. Mwalimu anamkamata na kusema: « Weye ni mwizi wa majibu! » Anapata azabu, anapata sufuri, kisha wazazi wanaambiwa kwamba mtoto wao hana akili. Kumbe akili iko, macho ndiyo haifiki.

Na yule mwenye kuvaa lineti, tunamwita « macho ine ». Anaificha ndani ya sanduku. Ni sisi tunaomrudisha katika ukungu, kisha tunacheka matokeo yake.

Wengine wanasema lineti inalegeza macho. Si kweli. Lineti inasaidia kuona tu. Ukiivua, jicho liko vile lilivyokuwa. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2014, katika shule za mashambani za Gansu na Shaanxi kule Uchina, ulionyesha kwamba watoto waliopewa lineti bure walipanda katika hesabu kupita wenzao.

Wengine wanasema: pesa iko wapi? Wazazi wanahangaika na minerval, tena tuko wengi nyumbani. Neno hili ni zito, hatulidharau. Lakini kupima macho hapa shuleni hakuombi pesa. Benchi ya mbele haiombi pesa. Na bei ya lineti ya kawaida, ukiiweka pembeni ya bei ya safari na lazeri, ni kitu kidogo.

Kwa hiyo tunaomba kwa Bwana Prefe na kwa walimu maneno manne:

1. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, kila mwanafunzi apimwe. Herufi E yenye urefu wa milimita 17 na nusu, mita 6 mbele yake, jicho moja limefunikwa, kisha lingine. Asiyejua miguu ya E inaangalia wapi, atumwe kwa munganga wa macho.

2. Benchi za mbele ziwe za wasioona mbali, wala si za wafupi ao za marafiki.

3. Mwalimu akiandika ubaoni, asome pia kwa sauti.

4. Jina « macho ine » liishe, darasani na katika internat. Sisi makapita tutaangalia neno hili wenyewe.

Na kwenu wanafunzi: musitie ndani ya jicho maji ya majani, mukojo, wala matone ya kununua sokoni bila munganga. Matone yenye kortizoni yanatuliza wekundu kwa siku chache, lakini yakitumiwa muda mrefu yanaweza kuleta glokoma na katarakti. Jicho likiwa jekundu lenye kuuma, likipigwa, ao ukiona ghafula miangaza ao sawa pazia linashuka, usingoje kesho. Kimbia hospitali.

Mwenye kupenda lazeri, aifikiri siku atakapokuwa mtu mzima mwenye mshahara wake, kisha kupimwa na munganga wa kweli. Leo kuna masomo ya leo. Sisi wa darasa la sita tunakaribia kuondoka, lakini tungali na nguvu ya kuchora ile E. Kama Bwana Prefe anakubali, tutaanza na darasa la kwanza, juu ya ukuta wa refektwari, siku ya posho kisha kazi ya mikono. Mwenye lineti ndani ya sanduku, aje nayo.

Kwa niaba ya makapita wote,
Mkuu wa wanafunzi, darasa la sita