Hewa baridi sawa, lakini vumbi la Butali je?

Leo tunaweka kibodi kando kidogo tufungue boneti. Kuna mtindo unaopendwa sana na vijana wa magari: unang'oa boksi la chujio la hewa lililokuja na gari, unaweka bomba la PVC na chujio la koni, halafu unatangaza kwamba gari sasa "linapumua". Sauti inabadilika, hilo sikatai. Swali ni kama nguvu nayo imeongezeka, na injini italipa nini.

Msimamo wangu ni huu: ukiwa Butali, jitengenezee njia mpya ya hewa ukipenda, lakini ishia kwenye mlango wa boksi. Chujio la karatasi na vyote vilivyo nyuma yake viache vilivyo.

Tuanze na hesabu. Nguvu ya injini hutegemea uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko hewa ya nje ya nyuzi 25. Butali nayo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako lita moja ya hewa tayari ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ile ya Mombasa. Kwa hiyo hamu ya hewa baridi ina sababu.

Lakini magari mengi tayari hunyonya hewa kutoka mbele, karibu na rejeta. Ukipunguza nyuzi 10 umefanya kazi nzuri, na faida yake ni kama asilimia 3, yaani nguvu farasi 3 kwa injini ya farasi 100. Tena utazipata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho tu. Ukienda mwendo wa kawaida kuelekea Malava huoni kitu. Na ile koni iliyo wazi chini ya boneti inanyonya joto la injini yenyewe!

Sasa weka vumbi upande wa pili wa mizani. Trela za miwa zinapita kwenda kiwandani, na njia nyingi za vijijini zinazotokea kwenye lami ya Kakamega–Webuye ni za udongo. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga. Zikipita chujio zinasaga ringi na kuta za silinda, injini inaanza kunywa oili na kupoteza mgandamizo. Kwa mwenye Probox ya kubeba abiria, injini hiyo ndiyo karo ya watoto. Kuihatarisha kwa farasi 3 ni biashara mbovu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa programu tunalielewa haraka. Injini nyingi za kisasa, mfano 1NZ-FE ya cc 1,496 iliyomo kwenye Probox nyingi, zina sensa inayopima hewa inayoingia. Sensa hiyo inaonja sehemu ndogo tu ya mkondo, kisha kompyuta inakadiria jumla ikiamini kwamba bomba lina upana uleule wa kiwandani. Ukihamisha sensa kutoka bomba la milimita 60 hadi la 70, eneo limeongezeka kwa asilimia 36. Kompyuta itadhani hewa imepungua kwa zaidi ya robo, nayo itapunguza petroli. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi itajaribu kusahihisha, lakini ina kikomo, na baadaye taa ya injini inawaka. Ni sawa na kubadilisha kipimo cha data bila kuiambia programu inayoisoma.

Kama bado mkono unawasha, fanya hivi:

1. Pima kwanza. Unganisha kisomaji cha OBD-II, tuma 01 0F. Ukijibiwa 41 0F 4B, basi 4B ni 75, toa 40, hewa ni nyuzi 35. Baadhi ya magari ya soko la Japani hayajibu; hapo tumia kipimajoto chenye waya. Linganisha na hewa ya nje gari likiwa mwendoni.
2. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, funga boneti ukanywe chai.
3. Ikizidi, vuta bomba kutoka mbele ya rejeta hadi mdomo wa boksi. Milimita 60 kwa ndani zinatosha: kwa mizunguko 6,000, injini ya cc 1,500 inahitaji kama lita 75 kwa sekunde.
4. Weka PVC mbali na eksozi, maana huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi.
5. Mdomo uwe juu, usikae chini ya bampa. Maji hayagandamiziki, yakiingia kwenye silinda yanapinda konrodi.
6. Ziba kila mwanya kwa mpira, kisha pima tena njia ileile.

Fundi wa jua kali wa kukukunjia bati utampata, na ufundi wa kujitengenezea ni kitu cha kujivunia. Ila kazi isiyopimwa kabla na baada ni kelele tu. Mwenye vipimo vya gari lake, aje navyo tubishane kwa namba!