Spika Haijakufa, Ni Wewe Umechoka

Wasee wa Migosi, leo naongea bila sukari. Pita nyuma ya ploti zetu uone amplifaya za gitaa zilivyogeuzwa viti vya kufulia nguo. Ukiuliza mwenyewe, anakwambia, "Spika ilikufa." Nani aliipima? Kimya.

Mwezi uliopita yangu ilinyamaza katikati ya mazoezi. Nikaibeba hadi duka moja tauni. Jamaa hakufungua hata skrubu moja. Aliitazama tu, akasema, "Hii imekufa. Chukua mpya, elfu tisa." Elfu tisa! Daktari gani anaandika cheti cha kifo bila kumgusa mgonjwa? Lakini simlaumu sana. Yeye anauza. Sisi ndio tumekubali neno la muuzaji liwe kipimo.

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa redio karibu na soko la Kibuye. Swali lake la kwanza: "Umeipima, wuoda?" Nikaangalia chini. Akachomoa nyaya mbili, akaweka multimita kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 8 ikiwa nzima husoma kama 6 au 7 hivi. Yangu haikusoma kitu. Nikajua basi, koili imeungua. Mzee akatikisa kichwa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu ule waya laini uliosukwa, unaoingia kwenye koni. Ulikuwa umekatika pale unapokunjika kila koni ikicheza. Akapima kuanzia upande wa pili wa mkatiko: 7. Koili nzima kabisa! Waya mpya, lehemu kidogo, mia nne.

Mia nne, wasee.

Sasa najua kuna mtu atasema, "Si ungeweka tu spika ya wufa?" Hapo ndipo mnaniudhi. Koni ya spika ya gitaa ni karatasi nyepesi na ngumu, inacheza kidogo tu, na zile sauti za juu kabisa inazipunguza, ndiyo maana gitaa likikwaruza linakwaruza kwa utamu. Ya wufa ni nzito, ina ukingo wa mpira, kazi yake ni besi. Ukiiweka, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Ya gari ndiyo balaa zaidi. Nyingi ni omu 4, na kama amplifaya yako imeandikwa isishuke chini ya 8, transista zinabeba umeme kupita kiasi hadi ziungue. Rafiki yangu alijaribu. Alianza na spika mbovu, akamaliza na amplifaya mbovu.

Na kufunga nako tunafunga kama tairi la lori. Mzee alilaza boksi kifudifudi ili spika itulie mahali pake, akakaza nati moja kidogo, akaruka hadi inayotazamana nayo, hivyo hivyo mpaka zote zikashika. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, fremu inapinda na koili inaanza kusugua sumaku. Mkono mmoja alikinga koni muda wote, maana sumaku huvuta bisibisi na ncha ikatoboa karatasi. Mimi ningetoboa, sitawadanganya.

Ndiyo, kuna mafundi waharibifu. Yule anayemwaga supagluu kwenye koni hadi inakuwa kama sahani, namjua. Na koili ikiungua kweli utainusa tu, hapo ni kusukwa upya au kununua. Sikatai. Ninachokataa ni kununua kabla ya kupima.

Maana kila Desemba tunalia eti benga inakufa, eti vijana hawapigi gitaa. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006, alijenga jina lake kwa gitaa la umeme. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Mtoto wa shule anayejifunza hapa Migosi hana elfu tisa. Ukimwambia spika imekufa, umemwambia aache gitaa. Halafu Desemba ikifika unamuuliza mbona anasikiliza tu simu.

Huko Ulaya walipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwabana watengenezaji wa vitu kama simu na mashine za kufulia wakubali kuvirekebisha. Waliotutangulia kutupa wanamtafuta fundi kwa sheria. Sisi tuliye naye hapa hapa Kibuye tunamwona mshamba.

Na wewe uliyenicheka nikibeba boksi langu kwenye tuktuk, ile amplifaya ya babako bado iko nje ya choo, imekaliwa na beseni? Kama huitaki sema. Nitakuja na tuktuk ile ile.