Nati ni Yetu, Ukuta ni wa Mwajiri



Tumezoea katika ukurasa huu kusema juu ya mishahara, likizo na buti za kazi. Safari hii tunasema juu ya jiko. Wapo watakaouliza: chama kinatafuta nini jikoni? Jibu letu ni fupi. Mfanyakazi akiungua nyumbani, kesho yake hayupo kazini, na watoto wake hawali. Tena nyumba wanayokaa wengi wetu si mali yao, ni ya mwajiri. Kwa hiyo jiko ni jambo la chama sawasawa na mshahara.

Katika kambi za miwa na za chai hapa Uganda, na katika vyumba vya kupanga karibu na viwanda, jiko la gesi linaingia mwaka hata mwaka. Kuni ziko mbali. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini, kwa sababu miti inakwisha. Moshi nao umewaumiza mama zetu macho na vifua kwa miaka mingi. Sisi hatuna ugomvi na gesi. Wenzetu wengine wameacha ule mtungi mdogo wa kubandika sufuria juu yake, sasa wananunua jiko kubwa la kusimama, lenye vichomeo vinne juu na oveni chini. Hayo ni maendeleo, na mfanyakazi anayastahili.

Lakini nyumba ni ile ile. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja dogo ambalo usiku hufungwa. Kitanda huku, jiko kule, pazia katikati. Nyumba hizo zilipojengwa hakuna aliyefikiri kwamba siku moja zitaingizwa mtungi wa gesi. Hapo ndipo hatari ilipo, na hapo ndipo tunapotaka kusema wazi.

GESI YENYEWE

Gesi ya mtungi imo ndani katika hali ya majimaji, kwa sababu imebanwa. Ikitoka inakuwa mvuke, na lita moja ya majimaji hayo hutoa lita kama 250 za mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni, bali hutambaa sakafuni kama maji, huingia chini ya kitanda, hujaa kwenye shimo na kwenye mfereji. Kwa asili hauna harufu. Ile harufu mbaya tunayoisikia imetiwa makusudi ili tujue kuwa gesi inavuja.

Zikiwapo sehemu 2 tu za gesi katika sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kulipua. Tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya gesi ikivuja na kuchanganyika na hewa, yaweza kukigeuza chumba cha mita 3 kwa mita 3 kuwa bomu. Na mtungi mdogo wa kawaida una kilo 6.

FUNZO LA LONDON

Ili tuelewe nani ana wajibu gani, tutoe mfano wa mbali kidogo, lakini ni wa watu kama sisi. Mashariki ya London, karibu na bandari, walijengewa wananchi jumba la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, jumba likiwa bado jipya kabisa, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliamka na kuwasha kiberiti ili achemshe chai. Gesi ya bomba ilikuwa imevuja usiku. Mlipuko ulisukuma kuta za chumba chake, na kona nzima ya jumba ikaporomoka, ghorofa juu ya ghorofa. Watu 4 walikufa na 17 waliumia.

Serikali ya Uingereza iliunda tume ya uchunguzi. Tume iliona makosa mawili. La kwanza, nati ya shaba iliyounganisha jiko na gesi ilikuwa hafifu, chini ya kiwango, nayo ilivunjika. La pili, jumba lenyewe liliunganishwa vibaya, hata mlipuko usio mkubwa sana uliweza kuliangusha upande mzima. Nati moja isingeua watu wa ghorofa nyingine kama nyumba ingekuwa nzima. Baada ya hapo sheria ya ujenzi ilibadilishwa.

Funzo lake ndilo hili: kuna nati na kuna ukuta. Nati ni yetu. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Asitokee mtu wa kututwisha yote mawili.

SEHEMU YETU

Kwanza, jiko lenyewe. Majiko mengi ya kusimama huuzwa mitumba kutoka Ulaya, na huko nyumba nyingi hutumia gesi ya bomba, si ya mtungi. Kitundu kinachopitisha gesi ndani ya kichomeo cha jiko la namna hiyo ni kikubwa mno kwa gesi ya mtungi. Ukilifunga hivyo hivyo, moto unaruka mrefu, wa manjano, na kujaza masizi. Soma kibandiko cha nyuma, au mwite fundi anayejua, avibadilishe vitundu hivyo kabla ya kuliwasha. Usikubali fundi wa kubahatisha kwa kutumia msumari.

Pili, mahali pa kulisimamisha. Jiko likae sakafu iliyo sawa, miguu yote minne iguse chini. Lisiwe karibu na pazia, kitanda wala mlango unaopigwa na upepo. Lifungwe ukutani kwa mnyororo au kipande cha chuma. Mlango wa oveni ukiwa wazi na mtoto akaukanyaga, jiko laweza kupinduka na kumwagia maji ya moto.

Tatu, mtungi. Usimame wima siku zote. Ukilazwa, majimaji hupita badala ya mvuke, na moto hulipuka usoni. Usiwekwe ndani ya oveni, wala nyuma ya jiko penye joto, wala ndani ya shimo. Kama upo ndani ya nyumba, ukae mbali na moto, angalau hatua moja na nusu. Usiuchemshe kwa maji ya moto gesi inapopungua.

Nne, mpira na regulata. Nunua mpira wa gesi, si mpira wa maji wala wa petroli. Usiwe mrefu kupita mita moja na nusu, usipite nyuma ya oveni, wala usitobolewe ukuta ukapitishwa. Ncha zote mbili zibanwe kwa kibano cha skrubu. Waya wa kufungia uzio si kibano. Mpira ukipasuka, ukikakamaa au tarehe iliyochapwa juu yake ikipita, utupwe. Regulata iwe ya mtungi ule ule. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Tano, kipimo cha sabuni. Baada ya kufunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kisha fungua koki. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi. Anayepima kwa kiberiti anatafuta kaburi.

Sita, kuwasha na kuzima. Fungua mlango au dirisha. Washa kiberiti kwanza, kisha ufungue gesi. Ukiwasha oveni, fungua mlango wake kabla ya moto. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano, kuna jambo: kichomeo kichafu au hewa haba. Hewa ikiwa haba, moto hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo oveni si ya kuotea baridi, hata katika milima ya chai. Kabla ya kulala, funga koki ya mtungi, si kitufe cha jiko peke yake.

Saba, ukisikia harufu. Zima moto kama upo. Funga koki. Fungua milango. Usiwashe taa wala kuizima, usipige simu humo ndani. Toa watoto nje, waambie majirani, kwa maana katika laini za kambi chumba chako na cha jirani ni kimoja kwa gesi. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usimwage maji. Zima gesi, funika kwa mfuniko. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Dawa ya meno na samli si dawa ya moto.

Nane, nunua gesi kwa muuzaji halali. Mtungi hauruhusiwi kujazwa pomoni, maana majimaji yakipata joto hupanuka na lazima yawe na nafasi. Anayejaza vichochoroni hajali hayo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi mjini Nairobi, lori la gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023. Bei nafuu ya namna hiyo hulipwa na jirani.

Tunawaambia na wanaume wenzetu: mambo haya si ya akina mama peke yao. Anayebeba mtungi kutoka dukani na kuufunga mara nyingi ni mwanamume, kisha huenda zake zamu ya usiku, akamwachia mkewe hatari asiyoieleza. Ajifunze baba, ajifunze mama, ajifunze na mtoto mkubwa.

SEHEMU YA MWAJIRI

Sasa tugeuke upande wa pili. Mfanyakazi akitimiza yote hayo katika chumba kisicho na hewa, bado hayuko salama. Hawezi kutoboa ukuta wa kampuni. Hawezi kujenga jiko la nje juu ya ardhi ya kampuni. Anayeweza ni mwenye nyumba.

Wala hatuombi hisani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 110 wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya nyumba. Unataka viwango vya chini viwekwe, na katika viwango hivyo unataja wazi uingizaji wa hewa, ukubwa wa chumba, na mahali pa kupikia. Watu walioandika hayo mwaka 1958 hawakuwa wanaota ndoto. Walijua kwamba mfanyakazi hula na kulala.

Wako waajiri waliokwisha kupata jibu jepesi: wamebandika tangazo kwamba gesi ni marufuku kambini. Tunasema hilo si jibu. Kuni hazipo, makaa hayashikiki, na watoto lazima wale. Mtu aliyekatazwa gesi haachi kupika. Huuficha mtungi chini ya kitanda, hufunga dirisha msimamizi asione, na huogopa kusema anaposikia harufu. Marufuku hiyo inazidisha hatari. Msimamizi hulala salama kwa sababu tangazo lipo ukutani, na mfanyakazi hulala na bomu.

Kwa hiyo tunayataka matawi yote yaingize madai haya katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Kila nyumba iwe na tundu la hewa chini, usawa wa sakafu, kwa ajili ya gesi nzito, na jingine juu kwa ajili ya joto na moshi. Na tundu la chini lisielekee kwenye mfereji. Kila nyumba iwe na kizimba cha wavu nje, chenye kivuli na kufuli, pa kuwekea mtungi, na bomba la shaba la kupitisha gesi ukutani, lililofungwa na fundi. Nyumba zinazojengwa upya ziwe na jiko lililotengwa na chumba cha kulala. Na kila laini iwe na kizima moto kinachokaguliwa, si kopo tupu lililotundikwa.

Mwajiri atasema ni gharama. Tumwulize ghala lake la mbolea au la dizeli limejengwaje. Utakuta lina tundu la hewa, uzio, kibao cha onyo na kizima moto. Kama mali inajengewa hivyo, mtu anayeizalisha mali hiyo asijengewe?

KAZI YA TAWI

Tusingoje mwajiri akubali ndipo tuanze. Kila tawi lichague mtu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wafunzwe kufunga na kupima, kisha wapite nyumba kwa nyumba na kopo la sabuni. Chama cha kuweka na kukopa kinunue mipira, vibano na regulata kwa jumla, kiwauzie wanachama kwa bei ya kununulia. Kila tukio la kuvuja au kuungua liandikwe katika daftari la tawi: tarehe, namba ya nyumba, sababu. Daftari hilo ndilo tutakaloliweka mezani siku ya mazungumzo, kwa sababu mwajiri huweza kubisha maneno lakini ni vigumu kubisha daftari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tukaze nati zetu leo, kila mtu na yake. Kisha tusimame pamoja kumdai mwenye ukuta atengeneze ukuta wake.

Umoja ni nguvu.