Tusiwalaumu wanafunzi wa uuguzi, tuwafundishe

Na Rehema Mwakalobo

Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi wangependa kupangiwa wapi wakihitimu. Watakutajia wodi ya wazazi, watoto, chumba cha upasuaji, ICU. Wazee hawatajwi. Na si kwetu Tanzania tu: tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba kuhudumia wazee huwa mkiani mwa chaguo za wanafunzi hawa.

Wepesi wa kulaumu watasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Sikubaliani nao hata kidogo. Wengi wa vijana hawa wamelelewa na bibi zao, na wapo waliomwogesha babu nyumbani bila kusukumwa. Wanachokwepa ni kazi wanayoiona haina ujuzi wala cheo, na sisi ndio tuliowaonyesha hivyo. Mwanafunzi akifika wodini kwa mafunzo ya vitendo, anapewa beseni na kuambiwa akamsafishe mzee wa kitanda cha mwisho. Hakuna anayemweleza aangalie nini. Anaondoka akiamini mzee ni mgonjwa wa kuoshwa tu.

Kumbe huyo ni mmoja wa wagonjwa wagumu kabisa. Chukua bibi wa miaka 80. Jana alipiga soga vizuri, leo asubuhi hamtambui mwanawe na anahangaika kutaka kushuka kitandani. Hana homa wala hakohoi. Wodini watasema ni uzee, na ndugu wataitikia. Muuguzi aliyefundishwa anajua kwamba kwa umri huo nimonia inaweza kuanza hivyohivyo, kwa kuchanganyikiwa ghafla, joto la mwili likiwa la kawaida. Atahesabu pumzi, atapima oksijeni, atauliza ameanzishwa dawa gani mpya na mara ya mwisho amekojoa lini, kisha atamwita daktari bila kungoja raundi. Hapo ndipo maisha ya bibi yanapookolewa.

Au mzee aliyepigwa na kiharusi. Kabla ya kumpa uji lazima akalishwe wima na kuangaliwa anavyomeza, maana uji ukipita njia ya hewa unaishia mapafuni. Anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, visigino na kiuno vikikaguliwa, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na kidonda kikishachimbika huchukua miezi kupona. Nani atasema kazi hiyo haina ujuzi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali zetu zimefungua madirisha ya wazee. Ni jambo jema. Lakini dirisha linampunguzia mzee foleni tu, halimpatii muuguzi anayeuelewa mwili wake.

Wenzetu Kenya walisaini makubaliano na Uingereza Julai 2021 ya kupeleka wauguzi huko, kwenye nchi ambayo wodi zake zimejaa wazee. Wapo vijana waliojitokeza kwenda. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba wanamchukia mzee. Penye mkataba, mshahara na heshima, wanamhudumia.

Ninawaomba Wizara ya Afya, Baraza la Uuguzi na Ukunga na wakuu wa vyuo: kila mwanafunzi apitishwe kwenye makazi ya wazee, iwe Nunge kule Kigamboni au Kolandoto Shinyanga, akiwa na mwalimu pembeni yake, si beseni peke yake. Uuguzi wa wazee uwe fani yenye nafasi za kazi na ngazi za kupanda. Nawe mzazi, binti yako akikuambia anataka kuwauguza wazee, usimuulize kwa nini hakuchagua upasuaji. Mlipie ada asome.